Mashini ya Kusalimia Juu ya Kabati

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Bunia haijui bahati yake. Mutu aliyefika Arua, Kampala, na hata uwanja wa ndege wa Entebbe (sikupanda, nilisindikiza), mutu huyo iko hapa kwa Mama Godelive anachunga antena.

Mama Godelive ana sekreteria: fotokopi, kupiga barua, picha za pasipoti. Intaneti yake inatoka kwenye antena ya juu ya bati. Mimi Baudouin ndiye daktari wa antena ile. Sasa rezo, mtandao wetu, inatambaa kama mugonjwa, na leo Mama ameniita.

Jumamosi wakwe wanarudi kuomba binti yake, Falone, kwa ajili ya kijana wao Fiston. Yannick, kaka mukubwa, iko Lyon. Baba yao alishakufa, kwa hiyo ni Yannick atasema ndiyo, kwa video. Bila ndiyo yake hakuna ndoa. Mara ya kwanza picha yake iliganda, mudomo wazi. Noko Hubert, ndugu ya Mama kutoka Iga Barrière, aliuliza kama mutoto amekabwa na fufu. Wakwe walifikiri ni kukataa. Wakarudi kwao na mbuzi yao.

Mama amesema picha ikiganda tena, ufunguo wa antena unaenda kwa Bruno.

Bruno iko na diplome ya informatique, mambo ya kompyuta. Mimi niko na akili.

Jumanne, tarehe 10 Juni

Kuna logiciel, programu ya kuchunga rezo. Inaonyesha nani anakula intaneti. Nimeiteremusha asubuhi yote. Wateja wamelala kwenye benchi.

Nimeiweka ndani ya mashini ya zamani ya Mama, ile laptop ya juu ya kabati. Betri yake ilishakufa, inaishi kwa prize ya umeme tu. Kazi yake ni hivi: inapiga hodi kwa kila simu na kila mashini ya rezo, nao wanajibu "niko". Asiyejibu anakuwa mweusi, anayekula sana anakuwa mwekundu. Nikaelewa mara moja. Ni salamu.

Logiciel yenyewe ilipendekeza kusalimia kila dakika tano. Nilicheka. Hapa kwetu utapita mbele ya mutu dakika tano kimya, na mama yako alikulea? Nimeweka kila sekunde. Na isiseme "jambo" tu ikapita: iulize na habari ya nyumba, joto, nafasi, uchovu. Nimeongeza pia Kinshasa, Lyon kwa ajili ya Yannick, na Tokyo. Watujue.

Jumatano, tarehe 11 Juni

Mwizi ameonekana. Kwenye ekran ya mashini kuna mulima mwekundu, na chini yake adresi isiyo na jina, mwisho wake 77. Anakula kuliko watu wote wa parsele hii.

Nikafikiri Micheline, jirani anayeuza samaki wa moshi wa Tchomia. Code ya wifi nilimupa mwenyewe, roho yangu ni hivyo. Nikamukata. Kabla sijakaa, ameshafika, simu mukononi. Alisema pirogi ya mutu wake, mutumbwi ule wa samaki, imeondoka ziwani, na sasa hajui kama samaki wanafika ao wanaoza, na kama ni mimi nitakula hao wote wakioza, aniletee sahani.

Nilimurudishia code. Akanipa samaki mumoja. Wengine wataita hiyo korupsyo. Mimi nimeiita samaki.

77 iko anakula tu.

Alhamisi, tarehe 12 Juni

Noko Hubert amefika mapema kwa ajili ya Jumamosi. Anaangalia mahubiri kwa simu tangu chai. Nikamukata. Aliniita polepole, akauliza kama mwisho wa dunia ukitangazwa nitakuja kumwambia mimi. Nilimurudisha. Muzee hatenganishwi na mbingu.

Halafu Bruno akaingia, eti fotokopi. Akainua macho kwenye ekran. Akauliza kwa sauti ya padri: "Baudouin, na hii mashini ya kabati, adresi yake ni ngapi?"

Nilimwambia mulinzi haulizwi kitambulisho.

Alicheka mpaka akashika meza. Alisema: "Weye unasalimia batu mpaka banakosa nafasi ya kupumua." Wivu. Kwao labda hawasalimiani.

Kwa kumujibu nimeweka salamu mbili kwa sekunde.

Ijumaa, tarehe 13 Juni

Majaribio na Yannick. Tumeona jicho moja na kipande cha pazia. Sauti yake ilifika kama mutu anayeongea ndani ya bidon ya maji. Kisha kimya.

Falone alitoka. Nilimukuta jikoni, anachambua majani ya sombe, machozi yanaanguka humo humo. Alisema: "Yaya Baudouin, kaka yangu, Fiston ni mwalimu tu, wazee wake hawatapanda njia hii mara ya tatu. Wakirudi tena na mbuzi, basi."

Niliumia kabisa. Nikamwambia ikihitajika nitaenda Lyon kwa mguu kuchukua ndiyo ile. Alicheka kidogo, hiyo ni faida.

Nikafanya sadaka: nimekata simu yangu mwenyewe kwenye rezo. Hakuna kilichobadilika. Basi mwizi si mimi. Imehakikishwa.

Jumamosi, tarehe 14 Juni

Wakwe wamefika, na mbuzi. Ndani kulikuwa mbio: shati ya Noko Hubert ilikuwa na mikunjo, na Tantine Rébecca, ndugu ya Mama, alikuwa anazunguka na pasi. Mimi nilipanda juu ya bati. Nilishika antena kwa mikono miwili, nikaisemesha kwa upole.

Na ikakubali. Nilisikia Yannick toka huko juu, sauti safi kama iko nyuma ya nyumba. Wanasema picha ilionyesha hata kifungo kinachokosa kwenye shati yake. Akasema ndiyo. Noko Hubert akamuomba arudie, kwa utamu tu. Akarudia. Vigelegele, Falone akaficha uso kwenye kitenge, Fiston akasahau kukaa.

Mama Godelive alinikabidhi ufunguo mbele ya wote, na paja la mbuzi. Bruno alikuwepo. Nilimukatia nyama mwenyewe, kipande kizuri. Adui anayekula haongei.

Jumapili, tarehe 15 Juni

Baada ya misa nimekuta mashini ya kabati imezimika. Prize yake iko chini, pasi imechukua nafasi. Rébecca amesema ndiyo, aliitoa jana kabla ya wageni kuketi, ilikuwa inapiga kelele bure.

Nilisikia haya. Siku ya posa, nyumba imejaa, na mashini yetu haikusalimia hata mutu mumoja. Bahati mikono yangu ilikuwa kwenye antena.

Nimerekebisha. Nimeomba mashini nyingine kwa Micheline, nimeiweka pembeni ya ile na logiciel ile ile, zisalimiane na zenyewe. Jumamosi ijayo Yannick anapiga tena, kwa baraka. Ataona kazi.

Na 77? Nilipochomeka tu, amerudi pale pale, mulima wake mwekundu. Mara hii ameleta ndugu yake, 78. Lakini nawasifu kwa jambo moja: ni wezi wa heshima. Kama mulinzi hayuko, hawaingii.