Chupa ya Mlinzi

Jumatatu, 3 Machi

Cheo cha mkuu wa kitengo kiko wazi! Kwa haki ni changu. Kikwazo ni Bi Taratibu wa meza ya pili, anayekoroga hata chai kama anaomba ruhusa. Mkuu wa maabara ametangaza mashindano. Kila mmoja apake waya wake unga wa kaboni wa chembe za nano, ndogo mno kuonekana kwa macho. Waya ukizamishwa kwenye mkojo, chembe hunasa dawa iliyomo, kisha mashine inaitaja. Alhamisi wageni wanakuja. Atakayenasa dawa mbele yao, cheo chake.

Bi Taratibu kapaka tabaka moja, nyembamba. Maskini! Mimi nimepaka tisa.

Nyumbani mke wangu kasema nakula sana na sinenepi, basi nina minyoo, ninywe dawa. Nimekataa. Mkuu wa kitengo mtarajiwa hawezi kuwa na minyoo.

Jumanne, 4 Machi

Tabaka zote tisa zimebabuka na kuzama kama masizi ya sufuria. Bi Taratibu kaniambia kwa upole kwamba tabaka nene haishiki, nipake nyembamba. Hila tupu! Nimepaka kumi na mbili, na gundi juu.

Jumatano, 5 Machi

Gundi imeziba chembe zote. Waya haunasi kitu. Basi tukose wote! Kesho mlinzi wa getini atameza kidonge cha maumivu, kisha atatoa mkojo wa majaribio. Nitaondoa chupa yake na kuweka yangu. Mimi sijameza dawa mwaka mzima! Waya wa Bi Taratibu utatoka mtupu.

Nimecheka peke yangu mpaka mke akauliza kama minyoo imepanda kichwani. Chai yake ilikuwa chungu. Nimekunywa vikombe viwili, sipendi kutupa kitu.

Alhamisi, 6 Machi

Chupa nilibadilisha kwa ustadi mkubwa. Waya wangu haukunasa kitu, nikasingizia umeme. Bi Taratibu akazamisha wake. Mashine ikachora mlima, alama ya dawa! Mkuu akasoma kwa sauti: si dawa ya maumivu, ni dawa ya minyoo.

Wageni wakamgeukia mlinzi. Mzee wa watu akaapa kwamba mkojo ule si wake. Bi Taratibu akasema jambo dogo hilo, wote tutoe mkojo, waya utamtaja mwenyewe. Wageni wakapiga makofi. Nikadai nimekauka. Nikaletewa jagi la maji.

Waya ulinitaja.

"Bwana fundi," mkuu akauliza, "una minyoo au una hila?"

Nikajibu haraka kwamba sina minyoo.

Nyumbani mke hakukana. Kidonge alikisaga ndani ya chai. Tena minyoo huambukizana, kasema, kuanzia sasa kila anayelala nyumba hii atakunywa, mgeni na mwenyeji. Nilipolalamika akanijibu kwamba mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Ijumaa, 7 Machi

Bi Taratibu ndiye mkuu wa kitengo. Mimi naosha chupa. Inauma, sitaficha.

Nimetafakari sana na kosa langu nimeliona: nilitumia mkojo wangu. Wageni wanarudi Jumatano kuona waya ule tena. Jumapili mama mkwe anakuja kukaa nasi wiki nzima, naye hajameza kidonge tangu azaliwe. Chupa yake nimeshaiosha. Safari hii mpango hauna tundu hata moja. Mama wa watu hana makuu, anachopenda ni chai ya binti yake tu.