Ng'ombe wa Chuma wa Ihembe

Polikarpi aliingia Ihembe akikimbia jambo lililompata Bukoba. Jambo lenyewe halituhusu, ila lilihusu mnara wa simu usiokuwepo na kiwanja cha mchungaji. Alikuwa na suti moja ya kijivu, miwani ya vioo vitupu, na ulimi ambao hata mama mzazi alipousikia unapiga hodi, alifunga mlango. Alishuka sokoni na njaa yake, akatafuta kivuli, na kivuli cha karibu kilikuwa baraza la makumbusho.

Makumbusho hayo yalikuwa ghala la zamani la kahawa lililopakwa chokaa. Mwalimu Deodatha, mstaafu aliyefundisha nusu ya tarafa na kuichapa nusu iliyobaki, alikuwa ameyajaza kila alichokiona kina heshima: mkuki, ngoma iliyopasuka, taipureta, vibuyu vya rubisi, ile pombe ya ndizi, na ukuta mzima wa picha zilizochorwa na wanafunzi, nyingi zikiwa za Bwana Yesu akitembea shambani mwa migomba. Asubuhi hiyo alikuwa amebandika tangazo mlangoni: Jumamosi ni Siku ya Mababu. Kila ukoo ulete kumbukumbu yake. Itakayoipendeza kamati itawekwa katikati ya ukumbi, juu ya jukwaa, na jina la ukoo litaandikwa kwa rangi ya dhahabu.

Mbele ya tangazo wanaume wawili walikuwa wakishikana mashati.

"Pale katikati ni petu!" alifoka Rwegasira, mwenye mashine ya kukoboa kahawa.

"Utaweka nini? Gunia?" alijibu Elpidius, mwenye nyumba ya wageni na pikipiki mpya nyekundu. "Babu yako alikuja hapa kuchunga mbuzi wa watu."

"Na babu yako ndiye aliyewaiba hao mbuzi!"

Mtu mwingine angesikia matusi. Polikarpi alisikia sufuria ikifunuliwa. Akaweka miwani sawa, akasogea kwa adabu zote.

"Shikamooni wazee. Nisameheni, nimesikia jina Rwegasira? Wale Rwegasira wa ikulu?"

"Ikulu ipi?" Rwegasira akaliachia shati.

"Ya Mukama, mzee wangu. Ya mfalme wa enzi zile. Mimi ni Daktari Polikarpi, mtafiti wa nasaba. Nimeutafuta ukoo wako mpaka viatu vimelia." Akashusha sauti. "Babu wa babu yako ndiye aliyekuwa Mwonja Rubisi Mkuu. Mukama hagusi kibuyu mpaka Rwegasira anywe kwanza, halafu wazee wakae wamtazame kama anakufa."

Rwegasira, ambaye siku hiyo alikuwa ameanza kunywa tangu saa ya chai bila kujua kwamba ni wito wa damu, akajishika kifua. "Nilikuwa nahisi," alisema.

Kabla jua halijatua, ukoo wa Rwegasira ulikuwa umepata kigoda alichokalia Mwonja Rubisi, na Daktari alikuwa amepata mabeberu wawili na magunia ya kahawa. Kigoda alikuwa amekiokota nyuma ya kibanda cha kinyozi.

Elpidius alikuja kwa mlango wa uani wa nyumba alikopanga Daktari.

"Daktari, mimi sina wivu," alisema kwa wivu mwingi. "Nauliza tu. Sisi hatukuwa na kazi kule ikulu?"

Polikarpi akavua miwani, akapangusa machozi ambayo hayakuwepo. "Mzee, ninyi ndio Wafukuza Nzi wa Upande wa Kulia."

"Na upande wa kushoto?"

"Aliyekuwa kushoto alisinzia. Tusimzungumzie."

Elpidius aliondoka kwa miguu, amekumbatia mkia wa ng'ombe uliotoka buchani. Pikipiki nyekundu ilibaki kwa ajili ya kusaidia utafiti.

Habari ya namna hiyo haihitaji redio. Koo zikamiminika. Polikarpi akagawa vyeo hadi vikamwishia, akaanza kuvitunga akila: Mpasha Joto Kitanda, Mkumbusha Ndoto, Mpiga Chafya wa Ikulu. Ukoo mmoja wa Nyakatuntu ulikataa chafya. Walisema wao ni Walutheri, wanataka kazi ya heshima. Akawapa Utunza Ufunguo, ingawa kwa maelezo yake mwenyewe ya jana yake, ikulu ilikuwa ya nyasi na haikuwa na mlango. Wakalipa mbuzi na kahawa, wakamshukuru kwa wimbo.

Mali yote hiyo aliiweka kwa Ma Joviana, mjane muuza rubisi aliyempangisha chumba. Ma Joviana alikuwa mtu wa maneno machache. Aliwalisha mbuzi maganda ya ndizi, akafunika magunia yasilowe, wala hakuuliza kitu. Jioni moja Polikarpi alimwonea huruma, akiwa ameshiba matoke yake, akaamua kumpa babu kwa bei ya chini.

"Sisi tunaye," alisema Ma Joviana, akiendelea kumenya ndizi.

"Alikuwa nani?"

"Alitunza vyuma vya Mukama. Si hadithi nzuri, waitu, bwana wangu. Alikuwa na ugonjwa wa miguu. Alikuwa anakaa tu pale na vyuma vyake, mpaka akafa."

Polikarpi akaacha kutafuna. Yeye alikuwa mtu wa uongo tangu ujana wake, aliijua kazi hiyo kama seremala ajuavyo mbao. Uongo huwa mzuri, umevaa, umepaka mafuta. Hakuna mwongo duniani angempa babu yake ugonjwa wa miguu. Huyu mama alikuwa anasema kweli!

"Hivyo vyuma... viko wapi?"

Ma Joviana alinung'unika, akakataa, akasema hataki laana. Mwisho akaingia ndani, akatoka na kitu kilichofungwa kwenye kanga kuukuu. Kilikuwa ng'ombe wa chuma, mdogo kama kuku, mzito kama dhambi, mwenye pembe ndefu na kutu iliyomwingia hadi tumboni. Polikarpi akasikia moyo wake ukimtoka kwenda kumpapasa. Akaona Dar es Salaam, akaona wanunuzi wenye makoti meupe, akajiona mwenyewe kwenye ndege akikataa karanga.

"Siuzi," alisema Ma Joviana.

Polikarpi akampa mabeberu. Mama akatikisa kichwa. Polikarpi akaongeza mbuzi wote. Ma Joviana akaanza kulia. Akaongeza kahawa yote. Kilio kikazidi.

"Na pikipiki!"

Kilio kikapungua. "Marehemu mume wangu atanisamehe?"

"Atakusamehe!" aliapa Polikarpi, ambaye hakuwahi kumwona marehemu hata kwenye picha.

Jumamosi alikusudia kuondoka asubuhi na mapema, lakini asiye na pikipiki hutegemea miguu, na miguu yake ilikutana na kwaya nzima njia panda. Mwalimu Deodatha alikuwa ameituma imlete mgeni rasmi. Wakamvisha taji la maua, wakamsukuma kwa nyimbo hadi ukumbini, yeye na begi lake.

Ukumbi ulikuwa umefurika. Walioitwa kwanza ni ukoo wa Rwegasira. Polikarpi alisubiri kukiona kigoda. Lakini Rwegasira alipanda jukwaani bila kigoda, akaifunua kanga aliyokuwa ameikumbatia.

Alikuwa na ng'ombe wa chuma.

"Kigoda kilikuwa cha kuanzia tu," aliwatangazia watu. "Hiki ndicho kilichofichwa na mababu."

"Muongo!" alipaza sauti Elpidius, akaruka jukwaani na kanga yake. Ng'ombe mwingine, pembe zile zile, kutu ile ile. Watu wakashika midomo. Ndipo wale wa Nyakatuntu wakainuka wakiimba, wakaweka mezani ng'ombe na ndama wake.

Begi la Polikarpi likamwelemea ghafla begani. Akatafuta kwa macho hadi akamwona Ma Joviana karibu na mlango, amevaa kitenge chake cha kanisani, mikono imekunjwa, ametulia kama anayesubiri sadaka. Mama akamtikisia kichwa kidogo sana. Polikarpi akaelewa: ukinitaja, nitakutaja.

"Daktari!" watu walipiga kelele. "Yupi ni wa kweli?"

Rwegasira alikuwa ameinua mkuki wa makumbusho. Elpidius alikuwa ameshika taipureta. Polikarpi akapanda jukwaani na jasho lake.

"Ndugu zangu," alisema, "ninyi ni wafugaji. Niambieni, tajiri wenu gani ana ng'ombe mmoja? Seuze Mukama! Mnagombania nini? Wote ni wa kweli. Hili ni zizi!"

Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Mkuki ukashushwa. Elpidius akamsogelea sikioni.

"Daktari, na zizi hili dume lake liko wapi?"

Polikarpi akajisikia kama Lazaro. Akaligusa begi. "Dume lipo."

"Nina chumba kwenye nyumba ya wageni. Ukae bure, ule bure. Na kiwanja cha nyuma nakupa."

"Na kisima chake?"

"Na kisi—"

Rula ikapiga meza. Mwalimu Deodatha alikuwa amesimama, na nusu ya ukumbi ikaketi kwa mazoea ya zamani.

"Ahsante, Daktari. Kwa hiyo ng'ombe hawa ni mali ya Mukama?"

"Bila shaka, Mwalimu."

"Wote?"

"Wote kabisa."

"Basi si mali ya mtu. Mali ya Mukama ni ya watu wote. Wanabaki hapa."

Rwegasira akamkumbatia ng'ombe wake.

"Mwalimu, waitu," Rwegasira akajikakamua, "mimi huyu nilimnunua..."

"Ulimnunua? Si umetuambia mababu walimficha?"

Rwegasira akakaa.

"Pengine Daktari amekosea," alisema Elpidius haraka. "Pengine si wa Mukama. Ni chuma tu cha fundi."

"Kikiwa cha fundi, ni sanaa," alisema Mwalimu Deodatha. "Haya ni makumbusho ya historia na sanaa. Someni pale mlangoni. Historia au sanaa, wanabaki. Na wewe Daktari, naona pembe kwenye begi lako."

Polikarpi akalitoa dume, akaliweka mezani pamoja na wenzake. Alipigiwa makofi kuliko yote aliyowahi kupigiwa, na hayakumsaidia kitu.

Watu walipogeukia pilau, alichomoka kupitia nyuma ya ghala. Ma Joviana alikuwa pale, amefunga magunia ya mwisho kwenye pikipiki nyekundu.

"Nani aliwatengeneza?" aliuliza Polikarpi.

"Fundi wa mageti kule mjini Kayanga. Nondo na springi za gari. Ukizika kwenye samadi, kutu inakuja yenyewe."

"Na mimi kwa nini ulinikamua kuliko wote?"

Ma Joviana akakaza kamba ya gunia. "Wale walikuwa na mashaka, wakaomba nipunguze. Wewe hukuwa na mashaka hata kidogo."

Hilo lilimuuma kuliko pikipiki. Huko ndani sauti ya Rwegasira na ya Elpidius zilikuwa zimeanza kusikika pamoja, kwa mara ya kwanza zikikubaliana, na neno walilokubaliana lilikuwa "Daktari", likitamkwa bila upendo.

"Panda nyuma," alisema Ma Joviana, akiwasha.

"Tunakwenda wapi?"

"Songambele. Kuna watu kule wamesikia habari za ng'ombe. Wao wanataka tembo."

"Na kazi yangu itakuwa ipi?"

Alimtupia mfuko wa nondo. Ulimpiga kifuani.

"Kubeba."

Mlango wa ghala ulifunguka kwa kishindo. Polikarpi akapanda, akaukumbatia mfuko, na pikipiki ikaondoka polepole sana, maana Ma Joviana hakuwa mtu wa haraka.