Wasiguswe Mpaka Mama Afike

Idara ya Viumbe Visivyo na Mwenyewe inautangazia umma, kwa unyenyekevu na kwa kipaza sauti, kwamba enzi za mwananchi kuokota paka kiholela zimekwisha. Kuanzia sasa paka ataokotwa kitaalamu. Mtu akisikia watoto wa paka wanalia chini ya ngazi, ndani ya mtaro au nyuma ya duka, hatashika tena kichwa akiuliza afanye nini. Atafungua Mwongozo. Kama hana Mwongozo, atangoja uchapishwe, na paka nao watangoja.

Mimi ni mlinzi wa lango la Idara. Nasema kama mtu wa ndani, japo kazi yangu yote iko nje.

Mwongozo wenyewe ni mnene kama tofali, lakini ukikamua shukrani kwa wadau unabaki na sentensi moja. Ilitoka kwa daktari wa mifugo aliyealikwa kwenye kikao kimoja. Aliambiwa aeleze kwa kina, yeye akaeleza kwa ufupi: ukikuta watoto wa paka, usiwaguse mpaka mama arudi; mara nyingi hayuko mbali, amekwenda kutafuta chakula. Akaondoka kabla ya picha ya pamoja. Hakualikwa tena.

Mkurugenzi wetu akaichukua ile sentensi akaipiga msasa. Kilichomkera ni neno "mama" kuandikwa kwa herufi ndogo. Katika wizara yetu Mama ni mmoja tu, naye ni Mheshimiwa Waziri. Mama akisafiri tunapumua, Mama akirudi tunafunga vifungo vya shati. Mkurugenzi mwenyewe, akiwa hayupo, tunamwita Mtoto wa Mama, kwa sababu alianza kwa kumbebea Mama mkoba, na siku Mama alipopata uwaziri yeye akapata ofisi yenye zulia. Mtu kama huyo hawezi kumwandika Mama kwa herufi ndogo. Habari za kutafuta chakula nazo akazifuta, maana Waziri hatafuti chakula. Sentensi ikatoka imenyooka: "Watoto wa paka wasiguswe mpaka Mama atakapofika." Mama akaitia saini bila kuisoma, kama wafanyavyo watu wenye majukumu mazito.

Mchana wa siku moja kabla ya uzinduzi wa Mwongozo, Shangazi wa chai, ambaye ni shangazi wa ofisi nzima ingawa hana undugu na yeyote humo, aliingia ukumbi wa mikutano kutoa fulana za wageni. Fulana zilikuwa kwenye boksi, zimeandikwa kifuani TUNAJALI. Juu ya TUNAJALI wamelala watoto wa paka, macho bado hayajafunguka. Mmoja alikuwa mdogo kuliko wenzake na alikuwa anasukumwa pembeni. Shangazi akampa jina papo hapo. Akamwita Posho, kwa sababu ni kidogo na imechelewa kutoka.

Mkurugenzi akaitwa. Akasimama mbali kidogo na boksi.

"Mama yao huyo hapo dirishani," Shangazi akamwambia.

Na kweli, nje ya kioo alikuwa amekaa paka wa kijivu, sikio moja limechanika, anatazama ndani. Lakini Mkurugenzi hakutazama paka. Alifunga kwanza kifungo cha koti.

"Shangazi, Mama yuko safarini. Chunga ulimi."

"Mama gani tena? Nasema mama yao. Huyo mwenye mkia."

"Unasema Mama ana mkia?"

"Baba, si ugeuke utazame mwenyewe."

Mkurugenzi alisema amesikia vya kutosha. Akaamuru madirisha yote yafungwe kwa sababu za kiusalama, na mimi nikapewa maelekezo kwamba asiingie kiumbe yeyote asiye na miadi hadi Mama afike.

Nilitekeleza. Yule wa kijivu alikuja langoni nikamuuliza kama ana miadi. Akanitazama. Nikamwambia mhusika yuko kikaoni, aje baada ya chai. Baada ya chai alikuja, tena kwa wakati, jambo ambalo wananchi wengi linawashinda. Nikamwambia mhusika bado yuko kikaoni. Na sikumdanganya, maana watoto wake walikuwa ukumbi wa mikutano.

Humo ndani kilio kilikuwa kimeanza kuvuruga shughuli. Ikaundwa Kamati ya Kilio. Shangazi alileta maziwa kwenye kisosi, mwanasheria wa Idara akamzuia mlangoni. Alimfafanulia kwa upole kwamba aliyebeba kisosi amegusa kisosi, kisosi kimegusa maziwa, na maziwa yakimgusa paka, basi aliyebeba kisosi amemgusa paka. Shangazi alimuuliza kama hiyo sheria kaisomea au kaota nayo. Maziwa yakaishia kwenye chai ya mwanasheria, mahali ambapo hayavunji kifungu chochote.

Jioni Kamati ilitoa taarifa ya mafanikio: kelele zimepungua kwa kiwango cha kuridhisha.

Shangazi akanifuata langoni, leso mkononi.

"Posho halii tena," akasema. "Kaka, fungua lango. Mama yake huyo hapo miguuni pako."

Nilimweleza kuhusu maelekezo. Akanitazama kama alivyonitazama yule mwenye sikio lililochanika. Nikarekebisha kofia.

Asubuhi Mama alifika. Gari jeusi, bendera mbele, waandishi wa habari nyuma. Nikafungua lango wazi kabisa, nikapiga saluti. Anayepiga saluti hatazami chini, ndivyo nilivyofunzwa. Kwa hiyo siwezi kusema niliona kitu chochote cha kijivu kikipita.

Nikapewa mwavuli wa Mama niubebe hadi ukumbini, ndiyo maana yaliyofuata nayajua. Mkurugenzi alikuwa amevaa TUNAJALI juu ya koti. Akashika kipaza sauti, sauti ikamtetemeka kwa uaminifu.

"Mama, watoto wako hawa hapa. Wamekungoja tangu jana, na hatukumruhusu mtu awaguse."

Kamera zikainuka. Mama akachungulia ndani ya boksi.

"Wangu?"

"Kwa mujibu wa Mwongozo, Mama. Ulioutia saini wewe mwenyewe."

Hapo nilimwonea Mama huruma. Akisema si wake, basi hakusoma alichotia saini. Akisema ni wake, basi ni wake. Akachagua kutabasamu, tabasamu la mtu aliyebanwa na kiatu, akasema amefurahi kuwaona.

Ndipo yule wa kijivu akapita katikati ya miguu ya waandishi, bila miadi, akaruka ndani ya boksi na kulala ubavu juu ya fulana. Watoto wakamsogelea wakiyumba. Posho hakusogea. Paka akamvuta kwa meno shingoni, akamlamba, akamlamba tena kwa nguvu kama anayesugua sufuria, hadi yule mdogo akapiga chafya, akatafuta kwa mdomo, akapata. Ukumbi mzima ulisikia ananyonya.

Mwandishi mmoja akauliza, kwa adabu tu: "Samahani Mheshimiwa, hivi mama hasa ni yupi?"

Watu wakacheka. Mama hakucheka. Aliuliza ni nani aliyeandika upuuzi huu. Mkurugenzi akageuka nyuma kumtafuta, akakuta ukuta.

"Mama, ni mimi," akasema. "Mtoto wako."

Mama akazigeukia kamera.

"Huyu mimi simjui. Wala sijui ni wa nani."

Halafu, kwa kuwa kamera zilikuwa bado zinatazama, akaagiza boksi liwekwe garini kwake, paka hawa watatunzwa nyumbani kwa Waziri. Mwanasheria alikohoa kuhusu suala la kugusa. Shangazi akambwagia kisosi kitupu mkononi, akalibeba boksi. "Mama si kafika? Nipishe." Akalipachika katikati ya kiti cha nyuma, kiti cha heshima, na Mheshimiwa akajikunyata pembeni, goti mlangoni. Nikapiga saluti. Mama wote wawili wakaondoka na watoto, isipokuwa mmoja.

Huyo mmoja ofisi yake ilifungwa kabla vumbi la gari halijatua. Alitoka kuisindikiza bendera kwa macho, na aliporudi langoni nikamuuliza kama ana miadi.

"Mzee, wewe si unanijua?"

Nikamwambia mhusika yuko kikaoni, aje baada ya chai.

Sasa amekaa nje ya kioo cha ukumbi, pale pale alipokuwa anakaa yule wa kijivu, anatazama ndani. Waziri ametamka hadharani kwamba hajui ni wa nani, kwa hiyo ni kiumbe kisicho na mwenyewe na yuko chini ya Idara yetu. Shangazi alitaka kumpelekea kikombe cha chai. Mwanasheria akamkumbusha sentensi, na safari hii Shangazi hakubishana hata kidogo. Asiguswe mpaka Mama afike.

Mwanzoni alikuwa anapiga kelele sana. Kamati inaripoti zimepungua kwa kiwango cha kuridhisha.