Panya za Dokota na Shingo ya Chabu

Jumatatu, 5 Agosti 1957
Nimepata kazi hospitalini Nchelenge: kulisha panya. Panya nyeupe ishirini na nne, boksi nne. Dokota anazijaribia dawa mupya yenye miale, ya kuyeyusha uvimbe. Boksi ya kwanza zilidungwa maji tu. Ya pili na ya tatu, dawa kiasi. Ya nne, dawa kali kuliko zote. Mutoto wangu Chabu ana uvimbe shingoni, kama yai la bata. Anangoja dawa hiyo.

Jumanne, 6 Agosti
Rodwell, msaidizi wa dokota, anasema panya zikifa nyingi dawa itarudishwa Ulaya. Anasema hivyo huku anakula muhogo. Hana mutoto.

Jumatano, 7 Agosti
Nilifika kabla ya dokota. Boksi ya nne, tatu zimekufa. Nikazihamisha kwa boksi ya maji, nikatoa huko tatu nzima, nikazitia boksi ya nne. Panya nyeupe ni kama wazungu, huwezi kujua nani ni nani. Nikazipa chisense kavu. Samaki wadogo, lakini wana nguvu.

Ijumaa, 9 Agosti
Dokota anakuna kichwa. Maji yameua, dawa kali haikuua. Ameamuru kisima kifungwe. Nsama, mufuaji wa hospitali, sasa anateka maji ziwani. Anasema bana Chabu, ndiyo mimi mama yake, ana mukosi, tangu afike hata maji yanaua watu. Nikamwambia ni panya, si watu.

Jumatatu, 19 Agosti
Dokota ameniita kwa furaha. Dawa kali ni salama, anasema. Kesho Chabu adungwe kipimo cha boksi ya nne. Nikapiga magoti, nikasema yote. Rodwell alicheka akashika mulango. Dokota hakucheka. Akapasua ukurasa wa hesabu za panya, akasema polepole: mama, ungemuua mutoto wako kwa mukono wangu. Wanaanza upya. Chabu atangoja tena.

Ijumaa, 30 Agosti
Panya mupya zimedungwa jana. Nimerudishwa kazini, mutu mwingine hakubali kulisha panya. Uvimbe wa Chabu umeongezeka, ama ni macho yangu. Nimeapa mbele ya dokota sitahamisha panya hata moja. Na sitahamisha. Lakini boksi ya tatu mbili zinasinzia vibaya, na karatasi yake ya kuonyesha kipimo imeshikwa na pini moja tu. Juu ya makaratasi hakuna aliyeniapisha. Nitabadilisha karatasi ya boksi ya pili na ya tatu, basi. Vipimo vyake viko karibu karibu.