Kuhusu Maneno Uliyoyaficha Kwenye Tovuti Yetu ya Dagaa

Kikundi cha Wakaushaji Dagaa,
Kibirizi, Kigoma.
14 Machi 2016

Ndugu Martini Mwinshehe,
Mtaalamu wa Tovuti,
Mwanga, Kigoma.

Ndugu Mtaalamu,

Natumaini u mzima na mashine zako zina umeme. Sisi ni wazima, isipokuwa mimi katibu, niliyepungua kilo mbili tangu tovuti yetu ianze kufanya kazi.

Kwanza nakushukuru. Tulipokuja kwako Desemba tulikuwa watu wanane tunaokausha dagaa kwenye vichanja, na tuliomba jambo moja tu: mtu wa Tabora au Dodoma anayetafuta dagaa wa Kigoma mtandaoni atuone. Ulitueleza kwamba mtambo wa kutafutia hausomi kama binadamu, bali huhesabu maneno, na kwamba neno ni chambo. Nilitaka kukuambia siku ileile kuwa dagaa hawavuliwi kwa chambo. Huvuliwa kwa taa, na taa huita kila kiumbe kilichomo majini. Lakini ulikuwa umevaa tai, nikanyamaza.

Kwa mujibu wa shajara yangu, malalamiko ni haya:

1. Sokwe. Neno hili umeliandika mara arobaini na moja, kwa hoja kwamba wageni wengi wanaoitafuta Kigoma hutafuta sokwe. Ni kweli. Tarehe 9 Januari alifika Mzungu mmoja na kamera, akasimama katikati ya vichanja vyetu akitazama juu ya miti. Mwenyekiti wetu, Mama Eufrasia, alimkaribisha dagaa. Akampiga picha. Jioni tulisoma maoni yake kwenye tovuti: sokwe hawakuonekana, akina mama ni wakarimu, harufu ni kali. Ametupa nyota mbili. Sijui ya pili ni ya nini.

2. Kipindupindu. Ulisema ndilo neno lililotafutwa sana mwaka jana kuhusu mkoa wetu, na kuliacha ni kupoteza wateja. Ukalipanga vizuri. Leo anayetafuta habari za ugonjwa huo hukutana na sisi kabla ya daktari: "Kipindupindu Kigoma, safi, kimekaushwa vizuri, jumla na rejareja." Mnunuzi wetu wa Tabora, mteja wa miaka sita, alinipigia akaniuliza kwa upole, "Katibu, huwa mnanitumia nini kwenye yale magunia?" Hajapiga tena. Bwana afya alikuja tarehe 20 na 21 Januari, akakagua choo chetu, akakisifu. Nakubali kwamba wageni wameongezeka kama ulivyoahidi. Bwana afya naye ni mgeni.

3. Wakimbizi. Hili ndilo lililoninyima usingizi. Tarehe 2 Februari nilikuwa kwenye duka la intaneti, nikaburuta kipanya chini ya ukurasa, mahali palipo peupe. Yakatokea maneno uliyoyaandika kwa herufi nyeupe juu ya nyeupe: mkimbizi, kambi, Burundi, ndugu aliyepotea, mtoto aliyepotea, majina ya waliovuka. Nilihesabu mia mbili na kumi na mbili. Nilipokuuliza ukacheka, ukasema jicho haliyaoni ila mtambo unayaona, na kwamba watu hao ni wengi na hutafuta usiku na mchana.

Ndugu Mtaalamu, hutafuta usiku na mchana kwa sababu hawajapata. Nawe umewaelekeza kwenye dagaa.

Namba ya simu iliyo kwenye ukurasa ni yangu. Hadi leo nimepokea simu za watu thelathini na saba. Husalimu kwa Kirundi, "Mwaramutse," kisha huanza kutaja majina. Nikisema hapa ni wauza dagaa, hujibu, "Sawa, lakini andika." Mmoja, Mzee Ngendakumana, hunipigia kutoka Uvira, Kongo, kila siku saa moja asubuhi. Anamtafuta binti yake Lyse, wa miaka tisa, waliyepotezana naye Mei mwaka jana wakati wa kugombea boti. Nimemwapia kwamba sisi si ofisi. Akaniambia, "Bwana Mkubwa, ofisi zote husema hivyo. Nimeambiwa njoo kesho, nimeambiwa nenda dirisha la pili. Dagaa ndiyo mara ya kwanza."

4. Kuvurugika kwa kazi. Kwa kuwa sikuweza kukataa, nilipiga mistari kwenye shajara: jina, umri, anayemtafuta, alama ya mwilini. Mama Eufrasia akaomba nakala. Kila Jumanne hupeleka dagaa soko la kambi ya wakimbizi, na sasa hupima kisado kimoja, husoma jina moja kwa sauti, kisha hupima kingine. Foleni haisogei. Wanunuzi husimama kusikiliza hata wakishapimiwa. Akisoma jina la mtoto husahau kuacha kumimina, na kisado hufurika. Wiki iliyopita alikuja kijana wa shirika fulani kutuuliza tuna kibali gani cha kutunza orodha za watu. Nilimwonyesha leseni yetu ya samaki. Aliisoma yote.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima:

Kwanza, uondoe maneno hayo yote kabla ya Ijumaa. Pili, uuandikie mtambo wa kutafutia barua ya kukanusha, nakala kwangu. Tatu, kama huwezi kuyaondoa, uyatimize: mtafuta sokwe umletee sokwe, mtafuta kipindupindu umletee daktari, na kila aliyetafuta ndugu yake akaletewa dagaa, umletee ndugu yake, mlangoni kwako, nawe umweleze kuhusu herufi nyeupe.

Nisalimie mama mzazi, mafundi wenzako wote, majirani wa Mwanga, na mtambo wenyewe ukiweza kusikia.

Mimi katibu ambaye simu yake haizimwi,

Selestini Yona

N.B. 15 Machi, saa kumi jioni. Bahasha ilikuwa imeshafungwa, nimeifungua. Mama Eufrasia amerudi kutoka sokoni. Baada ya kisado cha tisa alimsoma Lyse wa Ngendakumana, mwenye kovu chini ya kidevu. Mama mmoja, Ndayikunda, akaweka ndoo yake chini, akasema mtoto huyo analala kwake tangu Mei. Wakaenda. Kovu lipo.

Nimempigia Mzee Ngendakumana huko Uvira. Akasema anakuja na boti ya Alhamisi, na kwamba hawezi kumfikia mama aliyemlelea mtoto akiwa mikono mitupu. Akaniuliza gunia la dagaa tunauzaje.

Usiondoe neno hata moja. Nimemwandikia risiti: mteja wa kwanza kupitia tovuti.