Heshima za Ghorofa ya Tano

Jengo la Idara ya Uthabiti wa Majengo, hapa Kathmandu, halitikisiki wala halitatikisika. Hivyo ndivyo Naibu Mkurugenzi Lokraj Bastakoti alivyotangaza kwenye kipaza sauti, na alikuwa na kila sababu ya kujua, maana alikuwa amesimama ghorofa ya tano ya jengo lenye kibali cha ghorofa nne.

Siku hiyo Idara ilikuwa inamuenzi Mhandisi Rajmati Tuladhar, mama aliyemaliza ujana na uzee wake akisanifu nyumba zisizowaangukia wenyewe ardhi inapotetemeka. Shule alizozisanifu zilibaki wima kwenye tetemeko kubwa. Ila alikuwa na dosari moja ya kitaaluma: ghorofa ya tano alikataa kuisaini. Basi Idara, kwa upendo tu, ikaona astaafu. Shali ya heshima ikanunuliwa, ukumbi ukachaguliwa, huohuo wa ghorofa ya tano. Bastakoti naye alikuwa na lake moyoni: Waziri akiondoka ameridhika, yeye anakuwa Mkurugenzi.

Tatizo lilikuwa moja. Mwenye sherehe aligoma kupanda.

Alikuwa ameketi uani kwenye kiti cha plastiki, ametulia kama mtu anayeota jua. Bastakoti akashuka kumbembeleza.

"Rajmati didi, dada yangu mkubwa, watu wanakusubiri. Panda tukuvishe shali."

"Nivisheni hapahapa, mdogo wangu. Shali haichagui ghorofa."

"Waziri mwenyewe atapanda. Wewe nani usipande?"

"Mimi ndiye niliyepiga hesabu za nguzo."

"Leo tu, didi. Ni dakika chache."

"Na tetemeko mmeshakubaliana nalo?"

Kamati ya Maandalizi ikakutana kwa dharura pale pale ngazini, ikaazimia kwa kauli moja kwamba kuwepo kwa anayeheshimiwa si sharti la kuheshimiwa. Picha yake ikachomolewa ofisini, ikatiwa fremu, ikawekwa mezani. Kwa kuwa shingo haikuwepo, shada la maua ya manjano likavishwa picha. Mjumbe mmoja akaona bado panapwaya, akawasha ubani.

Waziri akafika amechelewa, kama itifaki inavyotaka, akapandishwa kwa mlango wa mbele bila kupita uani. Akatazama picha, maua, ubani. Sura ikamshuka. Mjini hapa hata mtoto anajua: maua ya aliye hai hukaa shingoni, ya marehemu hukaa kwenye picha.

"Amefariki lini?" akamnong'oneza Bastakoti.

Bastakoti akafikiri. Kumsahihisha Waziri mbele za watu hakumo katika kanuni za utumishi.

"Ilikuwa ghafla, Mheshimiwa."

Basi wote wakasimama kimya kumkumbuka, hata wajumbe waliotoka kupishana naye uani. Mmoja alilia kweli. Na katika ukimya huo, vioo vikaanza kugongana.

Tetemeko lenyewe lilikuwa dogo, la kuamsha mbwa tu. Lakini ghorofa ya tano ililipokea kama mgeni rasmi: ikainama huku, ikainama kule, plasta ikamwagika kama maua ya harusi. Idara nzima, ambayo kila mwaka huwafundisha watoto wa shule kujikinga chini ya meza bila papara, ikashuka ngazi kama mbuzi walioona chui.

Waziri akatokea uani viatu mkononi, kichwa cheupe kwa vumbi. Mbele yake marehemu alikuwa anakunywa chai.

"Wewe si umekufa?"

"Bado, Mheshimiwa. Nilikataa kupanda."

Waziri akageuka taratibu. "Nani aliyetupandisha kule?"

Kila mtu akatazama mawingu. Bastakoti, aliyekuwa nyuma ya kiti cha mama, akasafisha koo.

"Mheshimiwa, mimi tangu mwanzo nilishauri uani. Na ardhi ilipotikisika nilibaki mlangoni kule juu, nikawatoa watu mmoja mmoja, wewe ukiwemo. Mimi ndiye niliyetoka wa mwisho."

Waziri akampa mkono. Rajmati akafunga chupa yake ya chai.

"Mheshimiwa," akasema, "wewe ulipotokea pale mlangoni, huyu mdogo wangu alikuwa anaomba nimwongezee sukari."