Kibali cha Mama Marit

Jumatano, Julai 9

Baridi ya Kitengela imeingia hadi kwa mifupa. Nimezunguka sebule tangu asubuhi. Gathoni, mke wangu, ameuliza kama nimepoteza kitu. Nimemwambia nafikiria.

Jambo ni hili. Jumatatu kanisa linachagua mwenyekiti wa kamati ya wageni. Tuko wawili: mimi, na Opiyo wa nyumba ya pili. Opiyo huvaa tai hata akienda kununua maziwa. Lakini mimi niko na kitu amekosa: mgeni. Mama Marit kutoka Norway anaishi kwetu mwezi huu. Aliwahi kufundisha wauguzi Longido, ng'ambo ya mpaka wa Namanga, na Kiswahili chake ni safi kuliko changu. Jumapili anaenda huko kusimamia ubatizo wa mtoto wa mwanafunzi wake. Aliahidi kabla mtoto hajazaliwa.

Nimeshaiona picha yote. Mimi kwa usukani, mgeni kando yangu, kanisa zima likitupungia mkono.

Mchana amerudi kutoka Nairobi na gari la kukodi. Ameliendesha mwenyewe. Ameliegesha vizuri kuliko ninavyoegesha langu. Anasema Jumapili ataendesha yeye.

Chakula cha jioni nimemwachia Gathoni.

Alhamisi, Julai 10

Nimemkuta akinywa chai. Nimemweleza kwa huruma kwamba leseni ya kigeni haitambuliki Kenya. Akasema alivyosoma, mgeni wa muda mfupi anaruhusiwa. Akatoa kadi yake. Maandishi ya Kinorwe. Nikamuuliza ni askari gani wa kizuizi cha Isinya atasoma hiyo.

Ndipo akatoa kijitabu cha kijivu. Kibali cha kimataifa! Kinaeleza leseni yake kwa lugha kadhaa, Kiingereza kikiwemo. Sikujua kitu kama hicho kipo. Nikakigeuza huku na huku, nikatikisa kichwa kama daktari. Nikasema hicho ni cha uwanja wa ndege tu.

Amekirudisha mkobani. Halafu akasema basi, mwenyeji ndiye anajua. Usukani ni wangu.

Nimetembea hadi dukani na kurudi bila kununua kitu. Miguu ilikataa kukaa.

Ijumaa, Julai 11

Opiyo amekuja kusalimia mgeni. Nani alimwita? Hakumaliza hata kikombe cha kwanza kabla ya kumwambia kwamba leseni yake ni sawa, mradi atembee nayo pamoja na kile kijitabu. Kimoja bila kingine ni shida, akasema.

Mama Marit akanigeukia. Nikasema sheria imebadilika. Opiyo akauliza lini. Nikasema juzi. Gathoni akaenda jikoni na nikamsikia akicheka na sufuria.

Jumamosi, Julai 12

Sijatulia hata kidogo. Akikumbuka maneno ya Opiyo barabarani, mimi nitakuwa mzigo kama masanduku. Kwa hivyo nimemwambia mpakani watu ni wengi, vitu hupotea, afadhali kijitabu kibaki nyumbani. Si naendesha mimi?

Hakupenda. Lakini alikuwa anafunga zawadi, blanketi alilofuma kwa mkono, na akili yake ilikuwa kwa mtoto. Akanipa. Nimekifungia kwa droo ya kabati ya TV. Ufunguo uko kwa mfuko wangu.

Jumapili, Julai 13

Tulitoka mapema na lile gari lake la kukodi. Nilipiga honi kwa Opiyo nikipita. Tulipita Isinya vizuri. Karibu na Kajiado, kizuizi cha polisi. Askari mwanamke, jina kifuani Nalangu. Aliomba leseni.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilimwambia huyu mama ni mgeni, leseni yake ni ya Norway, haisomeki, na ndiyo maana mimi kama raia mwema nimechukua usukani.

"Sijauliza yake," akasema. "Nimeuliza yako."

Nikampa. Akaiangalia, akaingiza namba kwa simu.

"Mzee Mbugua, hii iliisha mwaka juzi."

Nilisema haiwezekani. Akanionyesha. Inawezekana.

Mama Marit aliuliza kama basi anaweza kuendesha yeye. Afande akachukua kadi yake, akaisoma mbele na nyuma, akasema ni halali lakini haiko kwa Kiingereza. "Kibali cha kuandamana nayo kiko wapi, mama?"

Mama Marit alinigeukia. Nilitoa ufunguo mfukoni, sijui kwa nini, kana kwamba ungesaidia.

Nilipigia Gathoni. Alimwita Opiyo, naye akaja na bisibisi, wakavunja droo yangu. Tuliketi kando ya barabara tukingoja. Upepo, vumbi. Mama Marit alikuwa ameshika blanketi kwa magoti. Simu kutoka Longido iliita, akasema yuko njiani, akakata. Nilisema Mungu ana wakati wake. Alisema, "Tafadhali nyamaza, Bwana Mbugua."

Opiyo alifika na gari lake, Gathoni na kijitabu. Afande akakiangalia, akampigia Mama Marit saluti. Gathoni akaingia kando yake, mahali pangu, wakaondoka. Mimi nikapewa karatasi ya kufika kortini Kajiado kesho. Opiyo alinirudisha nyumbani. Hakunilaumu hata neno moja. Ningependelea anitukane.

Jumatatu, Julai 14

Kortini nimekiri, nikaachiliwa kwa onyo kali. Nisiguse usukani kabla ya leseni mpya.

Wamerudi. Ibada ilikuwa imekwisha walipofika, lakini mama mtoto alikataa kutoka kanisani na mchungaji akakubali kungoja. Mtoto amebatizwa ndani ya lile blanketi. Msimamizi wa pili hakuwa ametokea, kwa hivyo amesimama Gathoni. Ameonyesha picha mtaa mzima. Mama Marit amehamia kwa kina Opiyo. Aliniaga kwa heshima, ndiyo iliyoniumiza.

Mwenyekiti ni Opiyo. Kura zote. Hata ya Gathoni.

Jumanne, Julai 15

Opiyo amepiga simu kutoka kazini. Kuna mgeni mwingine amefika, Mwitaliano kijana anaitwa Matteo, anataka kwenda Oltepesi, njia ya Magadi, kesho na gari la kukodi. Ameniomba nimpokee, nimpe chai, basi. Amesema kila mtu anastahili nafasi ya pili. Mtu mzuri, Opiyo. Hana macho.

Matteo yuko na kile kijitabu cha kijivu. Nimetikisa kichwa. Nimemweleza kwamba barabara ya Magadi iko na utaratibu wake.

Na kosa langu nimelijua. Kibali hakifungiwi nyumbani, kinabebwa. Cha Matteo niko nacho hapa mfukoni, na leseni yangu nitaishughulikia wiki ijayo.

Tunatoka alfajiri. Naendesha mimi.